Nyumba Niliyoagizwa

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa kumi, enzi za chama kimoja, nilipopiga kura yangu ya kwanza na kumtia mama yangu hasara siku hiyohiyo. Mwanangu, usicheke kwanza. Leo nimetoka kupiga kura nyingine, kidole changu bado kina wino, na mzee akiona wino kidoleni hukumbuka mengi.

Mimi ni mtu wa kale, silifichi hilo. Tangu vyama viwe vingi nimekaa na walewale, na vijana wa hapa Ikungi hunitania kwamba hata wakisimamisha gogo nitalichagua. Waache wanitanie. Mimi nasema anayetaka kubomoa ukuta wa zamani atuonyeshe kwanza matofali ya huo mpya, tena zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini upande wangu huu niliuchagua mwenyewe, sikuchaguliwa na mtu, na nilijifunza hivyo kwa taabu.

Siku hizo wagombea ubunge walikuwa wawili tu, na kila mmoja alipewa alama ili hata asiyejua kusoma achague. Mmoja aliitwa Jembe, mwingine Nyumba. Jembe wetu alikuwa mwalimu aliyenifundisha kusoma, mtu mpole, aliyewahi kunipa daftari lake mwenyewe nilipokosa. Nyumba alikuwa bwana wa mjini mwenye maneno mazuri. Nilimtaka Jembe kwa moyo wangu wote.

Alfajiri ya siku ya kura baba alikuwa anatoka kwenda kwenye ng'ombe na mgeni wetu, Mgogo mmoja aliyekuja kuwatazama. Nyumbani tulizungumza Kinyaturu. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mnadani na cha serikali. Lakini mbele ya mgeni si adabu kusema asichokielewa, basi baba alipofika mlangoni akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili, "Leo usisahau nyumba."

Mimi nikasikia Kiswahili, tena siku ya kura, nikajua hiyo ni amri ya siasa. Sikuuliza. Kumuuliza baba ana maana gani, mgeni akiwa amesimama pale, nani angethubutu? Nikaenda shuleni kulikokuwa na kituo, nikapanga foleni. Foleni za siku zile ninazitamani mpaka leo. Kina mama walivaa khanga za sikukuu, wazee walikuja na vigoda vyao, na mtu akitoka kidogo alichomeka fimbo yake chini, ikamshikia nafasi mpaka arudi. Hakuna aliyeigusa fimbo ya mwenzake. Wengi wa waliosimama nami siku ile wameshatangulia, nami nikipita pale shuleni huwa nawaona wote.

Zamu yangu ilipofika nilitazama picha ya jembe kwa muda mrefu, kisha nikaweka alama kwenye nyumba. Nilitoka mnyonge. Rafiki zangu walinipongeza kwa kuwa mtu mzima, nikakaa nao pale tukipiga soga mpaka alasiri.

Kumbe baba alikuwa anasema nyumba yetu ya kulala, tembe letu. Paa lake la udongo lilikuwa limepasuka kwa jua la kiangazi, na udongo mpya ulikuwa tayari umerundikwa uani, ukinisubiri niupandishe. Alasiri ileile ikaja mvua ya mapema ambayo hakuna aliyeitarajia. Maji yakapita kwenye nyufa yakaingia ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti ambamo mama aliweka mbegu yake ya uwele. Mbegu yote ikalowa, na siku ya tatu ikaanza kuota humohumo. Ikabidi mama aende kwao Iguguno kumwomba kaka yake mbegu, yeye ambaye tangu aolewe hakuwa ameomba kitu kwao. Aliondoka bila kunilaumu, na hiyo iliniumiza kuliko fimbo.

Baba aliporudi jioni ya siku ile ya kura na kukuta maji ndani, nilimweleza nilivyomwelewa. Nikasema nilitii, nikachagua Nyumba ingawa sikuitaka. Nilidhani atanichapa. Alikaa kizingitini, akasema kwa Kinyaturu, polepole:

"Nilikuagiza udongo, wewe ukaniletea kura. Kura sikukuomba. Kila ulicho nacho hapa ni changu, hata shati hilo. Kura ndiyo kitu cha kwanza ulichopata kisicho changu, nawe umenipa."

Nikamuuliza yeye alichagua nani, maana alipitia kituoni akirudi. Hakunijibu, na tulipomzika nilikuwa bado sijui.

Mwalimu wangu alishindwa. Hakushindwa kwa kura yangu moja, hilo najua, lakini kila aliponisalimia njiani nilitazama chini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Sasa leo asubuhi mjukuu wangu Rehema, anayefanya kazi Singida Mjini, alikuja kunichukua. Alirudi jana kwa ajili ya kura yake ya kwanza. Baada ya shikamoo tukaanza safari, na njiani akaniuliza, "Babu, nichague nani?"

Ulimi uliniwasha, mwanangu. Rehema hajawahi kukataa neno langu, na kwa jina moja tu ningekuwa na kura mbili. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamuuliza, "Kadi umechukua?" Akasema amechukua. "Basi hapo mimi sina kazi," nikamwambia.

Kituoni walitaka kunipeleka mbele kwa sababu ya uzee, nikakataa, nikasimama kwenye foleni na fimbo yangu. Rehema alipotoka alikuwa anatabasamu peke yake. Hakuniambia alichochagua, nami sikuuliza. Iliniuma kidogo, nisiseme uongo, kwa maana huenda kura yake imeifuta yangu. Lakini tulipokuwa tunarudi niliona namna alivyokuwa akikitazama kidole chake, nikafurahi.

Mwanangu, wazee wako waheshimu, na maneno yao yasikilize mpaka mwisho. Ukiagizwa usipoelewa, uliza, hata kama mgeni yupo, kwani kuuliza si ujinga. Kazi ya nyumbani kwako imalize kabla hujaenda kusimama kwenye foleni ya wakubwa, maana mbunge yeyote utakayemchagua hatakupandishia udongo. Na kura usimletee baba, wala babu, wala mimi ninayekusimulia. Ushauri wetu uchukue, kura ibaki yako.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mbegu kavu, na uso wa kumtazama kila mtu njiani. Nenda salama. Na leo usisahau nyumba. Ile ya kulala, mwanangu.