Doti Moja kwa Wake Wawili

Mwezi wa kumi mijakaranda ya Iringa huchanua, baridi hupungua, na watu hutoka kwenda uwanjani kutazama ngoma. Tangu niolewe nilikuwa nacheza lelemama mstari wa mbele. Sharti letu lilikuwa moja: kila mwanamke avae doti kamili ya sare, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani.

Mwaka ule mume wangu, Muharami, alikuwa ameoa mke wa pili, Waridi, bila kuniambia. Alinunua doti moja ya sare, akaikata katikati, akatupa kila mmoja kanga yake.

"Mimi ni mtu wa haki," alisema.

Tulipofika uwanjani, kiongozi wetu, Bi Mwanahawa, alitutazama juu hadi chini.

"Mmevaa nini, shoga zangu? Mnauza vipande?"

"Ni haki ya bwana," nikasema.

"Basi haki yake akaicheze mwenyewe. Hapa anaingia mwenye doti."

Nilimgeukia Waridi. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwandalia matusi, tena mazuri. Yeye akavua kanga yake, akaniwekea mkononi.

"Chukua, dada. Mimi kucheza sijui. Wala bwana hakuniuliza."

Matusi yakabaki kinywani. Nikajifunga, nikaingia mstari wa mbele. Waridi alikaa chini ya mti akipiga vigelegele, maua yakimwangukia kichwani. Muharami alipiga makofi kuliko watu wote, akimweleza jirani yake kwamba wakeze wanapatana kwa sababu yeye anajua kugawa.