Gari la Fundi wa Cherehani

Mke wangu ni fundi wa cherehani. Sisemi fundi wa kushona. Nguo hashoni, na kifungo changu kikikatika nakirudishia mwenyewe. Yeye hutengeneza cherehani zenyewe. Mashine ikiruka mshono, ikikata uzi, au ikigoma katikati ya gauni la bibi harusi, anaitwa yeye. Washonaji humwita Mama Sindano, na wapo wateja wa miaka kumi ambao hawajui kama ana jina jingine.

Kazi hii aliianza kabla hatujaoana. Miaka ishirini na miwili amezunguka mjini na sanduku la chuma begani, ndani yake bisibisi za kila saizi, chupa ya mafuta, mikanda, bobini na kopo la sindano. Lina kilo kumi na mbili. Nililipima kwenye mizani ya kwa dobi ninakofanya kazi ya kupiga pasi, kwa kuwa hakuamini nilipomwambia ni zito.

Mwaka huu bega la kulia lilikataa. Asubuhi moja alishindwa kuinua mkono afunge kilemba, nikamfungia mimi, nikamfungia vibaya, akaenda kazini hivyohivyo. Daktari wa mifupa hakuzunguka mbuyu. Alisema ama sanduku ama bega, achague.

Akiba tulikuwa nayo, ya kutosha gari dogo moja lililokwishatumika. Kosa moja na ndiyo basi. Tungenunua gari la kulala gereji kuliko kulala nyumbani, na Mama Sindano angekaa kitako akiwa na miaka arobaini na saba, akisikia cherehani ya jirani ikilia upande wa pili wa ukuta. Usiku nilijua analiwaza hilo kwa jinsi alivyokuwa akigeukageuka kitandani.

Hapo ndipo kaka yake alipoingia.

Shemeji yangu huyu ni dereva mstaafu wa malori. Wazazi wao walifariki mke wangu akiwa na miaka tisa, na kaka ndiye aliyemlea. Alimfundisha kuendesha gari kwenye kiwanja cha mpira, na mimi nilipokwenda kuposa nilikwenda kwake, nikakaa saa nzima bila kusema nilichofuata mpaka akanisemea yeye. Mke wangu mbele ya mashine haogopi mtu. Lakini kaka akisema jambo, yeye huitikia kabla sentensi haijaisha.

"Dizeli," kaka alisema siku hiyo, hata kiti hajakivuta. "Mengine yote hadithi."

"Ndiyo, kaka."

"Rafiki yangu anauza la kwake. Dogo, mlango mkubwa wa nyuma. Sanduku lako linaingia, na mumeo pia anaingia ukimkunja vizuri."

Nilicheka kidogo. Shemeji akinitania nacheka kidogo, ndivyo tunavyoishi.

"Kwenye yadi pale nyuma ya soko kuna haibridi," mke wangu alisema, akitazama kikombe chake. "Dogo hivyohivyo. Wanasema halili mafuta mjini."

"Haibridi." Kaka alilitamka neno hilo kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Mdogo wangu, hilo ni gari lililoshindwa kuamua. Petroli imo, umeme umo. Popo yule, si ndege si mnyama. Na betri yake ikifa mtaizika wapi?"

"Sijui, kaka."

"Basi."

Jumapili alitupeleka barabara kuu na ile dizeli. Siwezi kusema uongo, ilikwenda. Mlima ambao mabasi huupanda yakilalamika, yenyewe iliupanda kama inashuka. Mke wangu alifumba macho asikilize injini. Yeye magonjwa yote huyajua kwa sikio. Ukimpigia simu kwamba mashine imeharibika, atakuambia uisogeze simu kwenye mashine na ukanyage pedali.

"Inaimba vizuri," alisema.

"Nilikuambia," kaka akajibu, na jioni ileile akamwahidi rafiki yake kwamba Jumamosi ya wiki ya pili tutakwenda kulichukua.

Jumatatu tukaenda yadi kuitazama ile haibridi. Tulikwenda kama watu wanaokwenda kuiba. Mwenye yadi alikuwa mama mmoja mwenye miwani kichwani na nyingine machoni. Alimpa mke wangu ufunguo usio na meno, akamwonyesha kitufe, akaitwa na mteja mwingine.

Mke wangu alikanyaga breki, akabonyeza kitufe. Taa ziliwaka mbele yetu, kisha kimya.

"Halijawaka," alisema.

"Bonyeza tena."

Akabonyeza. Taa zikazima. Akabonyeza, zikawaka. Kimya. Akatega sikio karibu na usukani. Mimi nikafungua dirisha nisikilize nje. Tulibonyeza hivyo nafikiri mara kumi na tano. Nilimwambia betri imekufa kama kaka alivyosema, akaniambia ninyamaze, mama asije akasikia tukimharibia biashara. Wote wawili tuliona aibu kumwita. Tulikuwa tumeshafungua milango tuondoke polepole aliporudi, akainama dirishani.

"Mbona hamwendi?"

"Haliwaki, dada," mke wangu alisema kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba. "Tumejaribu."

"Limewaka hilo, likiwa kwenye umeme halilii. Mnaliwasha na kulizima. Nawatazama tangu saa ile, nikadhani mnalisoma."

Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaangukia ya machoni. Tulizunguka na lile gari mara mbili kwenye uwanja wa yadi, tukashukuru, tukaondoka. Tulipofika kona ya kwetu mke wangu alisimama.

"Kitu kisichosema, utajuaje kinaumwa?" aliniuliza.

Nilidhani mambo yameishia hapo, dizeli imeshinda.

Lakini mke wangu ana desturi moja kazini. Mashine akishaitengeneza, haijaribu kwa kitambaa chake. Mafundi wengine hutembea na kipande cha pamba laini mfukoni, na pamba laini hata mashine mbovu huishona vizuri. Mteja anafurahi, fundi anaondoka, kesho yake mteja analia. Yeye humwambia mtu alete kile anachoshona kila siku. Kama ni turubai, alete turubai. Nimeona watu wakimnunia kwa hilo, wakidhani anataka kuwapotezea muda.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimejipinda kutafuta kiatu changu chini ya kitanda nikamsikia akisema juu yangu, "Barabara kuu si kitambaa changu."

"Nini?"

"Mimi barabara kuu nakwenda lini? Kaka amenijaribia gari kwa kitambaa chake yeye."

Akampigia simu rafiki wa kaka, akamwomba gari kwa siku tatu za kazi. Yule bwana alikubali bila taabu, maana aliona limeshauzwa. Nikaomba ruhusa kwa dobi, nikawa mbeba sanduku.

Siku hizo ndipo nilipoifahamu kazi ya mke wangu. Tulitoka nyumbani mpaka kwa washonaji wa mapazia, dakika sita. Mashine moja, dakika ishirini. Kutoka hapo mpaka kwenye karakana ya mikoba, dakika nne, mbili kati ya hizo tukiwa nyuma ya mkokoteni. Kisha kwa mzee anayeshona viatu, kisha karakana kubwa ya sare za shule yenye mashine arobaini. Siku moja ilikuwa na vituo kumi na kimoja, na hakuna safari iliyotimiza dakika kumi. Injini haikupata nafasi ya kupata moto sawasawa. Washa, zima, washa, zima. Sauti yake ile nzuri ya mlimani ikawa nzito, kama mtu aliyeamshwaamshwa usingizini.

Siku ya tatu saa nane mchana, nje ya karakana ya sare, taa ya njano iliwaka mbele ya usukani. Nikakisoma kitabu cha gari, maana kusoma polepole naweza. Ilikuwa taa ya chujio la moshi. Kitabu kilisema chujio limejaa masizi, na kwamba masizi hayo huungua yenyewe gari likiendeshwa kwa mwendo mzuri, bila kusimama, kwa muda wa kutosha.

Mke wangu alirudia mawili tu kati ya maneno hayo. "Bila kusimama."

Yule mama wa yadi alitupa haibridi kwa siku mbili, akabaki na kitambulisho changu. Kabla ya yote tulilipeleka kwa fundi umeme wa magari. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akatuonyesha vipande vyote vya betri kwenye kioo cha kifaa hicho, kimoja kimoja, vyote vikiwa karibu sawa. Alisema betri hiyo haina ugonjwa leo, lakini yeye si nabii. Mke wangu alilipenda jibu hilo. Naye huwajibu wateja wake hivyohivyo.

Kisha tukazunguka vituo vilevile. Kwenye foleni injini ililala, gari likabaki kwenye umeme. Nyuma ya mkokoteni ililala. Siku ya pili tulikuwa tunaingia kwa mwendo wa konokono kwenye uchochoro wa karakana ya sare, madirisha wazi, na mke wangu akainua kidole.

"Ya tatu kutoka mlangoni," alisema. "Sindano inagonga sahani ya chuma iliyo chini yake."

Mimi nilisikia vurugu tu, mashine arobaini zikipiga kelele pamoja. Tulipoingia, msimamizi wa karakana alitupokea na maneno, "Afadhali umekuja, Mama Sindano, ile ya tatu..."

"Nimeisikia," mke wangu alimkatiza, na tayari alikuwa ameshika bisibisi.

Kwa hiyo gari lilikuwa limepatikana. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Jumamosi kaka atakuja, amemwahidi mtu, na maisha yake yote mdogo wake hajawahi kumwambia hapana. Alhamisi nilimsikia jikoni akiiambia sufuria, "Kaka, nakuheshimu sana." Ijumaa alianza upya, "Kaka, usinielewe vibaya." Nilijitolea niseme mimi. Alifunika sufuria, akanigeukia.

"Wewe ulishindwa hata kusema umekuja kuoa."

Jumamosi kaka alifika amevaa shati la kwenda kuchukua gari, na kamba mkononi ya kulivutia kama lolote litatokea, kwa sababu dereva wa malori ni dereva wa malori. Mke wangu hakumpa hata chai. Alijua akianza na chai hatasema tena.

"Kaka, dizeli silichukui."

Nilitazama sakafu.

"Umesema?"

"Siku ya tatu taa iliwaka. Ya chujio la moshi."

"Hiyo ndogo sana. Unalipeleka barabara kuu, unalipiga mwendo nusu saa, taa inazima yenyewe."

"Nusu saa kwenda wapi, kaka?"

"Popote."

"Mimi sina popote. Nina mapazia, nina mikoba, nina viatu, nina sare. Nikienda popote kila wiki nani atatengeneza mashine?" Akalishika bega lake la kulia. "Ni gari zuri. Si la kazi yangu. Pesa hizi ni za mara moja, na bega hili ndilo nililonalo. Nimechagua ile haibridi. Nisamehe kwa rafiki yako."

Kaka alikaa. Aliiweka kamba mezani, akaanza kuikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa. Nilihesabu mizunguko saba. Nilikuwa nawaza tutakavyokwenda kumwomba radhi, tutamtanguliza nani.

"Vituo vingapi kwa siku?" hatimaye aliuliza.

"Kumi na kimoja."

"Mbali kabisa ni wapi?"

"Sare. Dakika tisa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini na moja nimeendesha, na mtu akiniuliza gari namuuliza kwanza anakwenda wapi. Wewe sikukuuliza." Akaisukuma kamba pembeni. "Rafiki yangu niachie mimi. Amewahi kuniuzia matairi mabovu, hana mdomo wa kulalamika. Sasa mbona hakuna chai?"

Mke wangu aliondoka haraka kwenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta, kiganja kifuani, anapumua kama aliyetua sanduku baada ya kulibeba mji mzima.

"Nimesema?" aliniuliza.

"Umesema."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, kisha akaweka sukari mara mbili kwenye kikombe cha kaka yake, naye aliinywa yote bila kulalamika.

Jumatatu tulilipa yadi, na kaka akasema lazima akalikague hilo popo mwenyewe. Alikaa mbele kando ya mdogo wake, mimi nyuma na sanduku. Mtaa wa kwanza alikanyaga breki zisizokuwepo. Mtaa wa pili alimwambia aangalie baiskeli ambayo sote tulikuwa tumeiona. Mtaa wa tatu aliuliza kama limewaka. Kisha hatukumsikia tena. Nilisogea mbele nimtazame. Kichwa kilikuwa kimelala kwenye mkanda wa kiti, mdomo wazi. Mimi namjua shemeji tangu nilipokwenda kuposa, na sijawahi kumwona akisinzia mtu mwingine akiwa ameshika usukani. Hata kwenye basi hukaa kiti cha mbele akimwongoza dereva kwa macho.

Mke wangu naye alimwona. Alipunguza mwendo, akavuka matuta moja moja kama aliyebeba mayai, mpaka karakana ya sare.

"Mwache," aliniambia kwa kunong'ona.

Alishuka, nikamsaidia kulitoa sanduku na kuliweka kwenye ubao wa magurudumu niliomtengenezea. Aliingia akilivuta kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akiupunga kwa washonaji waliokuwa wameanza kumwita, kila mmoja akidai mashine yake ndiyo inaumwa zaidi.