Picha ya Kutangulia Jeneza

Baba alipokufa tuligawana vibaya vitu vyake. Alikuwa mpiga picha kule Bukavu, na kamera yake ikaenda kwa dada yangu mkubwa. Mimi nikapata mabeseni, kopo la kusafishia filamu na harufu ya dawa za picha. Kila mtu aliona ni haki, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kusafisha picha gizani. Hakuna aliyeniuliza nilitaka nini.

Dada amebaki Bukavu, anauza vitenge. Mimi niko Kamembe, ng'ambo ya mpaka, na mama, ambaye moyo wake umechoka na miguu yake huvimba. Namwogesha, nampa vidonge, nabishana naye kuhusu chumvi. Jumapili dada anavuka daraja, amependeza, kamera shingoni, na mama anachangamka kama msichana aliyeletewa posa. Wivu wangu huanza pale mlangoni, kabla dada hajavua viatu.

Mama alikuwa anatafuta picha yake ya mazishi. Kwetu mtu wa familia hutangulia mbele ya jeneza, ameshika picha ya marehemu kifuani, na mama hakutaka tuje tukuze ile ya kitambulisho. Nilikuwa nimempiga nyingi kwa simu. Alizikataa zote.

"Hapa niko sawa na muntu anangojea sindano," alisema.

Basi Jumapili moja dada akampiga picha yeye, pale uani, filamu nzima. Nikiwa jikoni niliwasikia wakicheka. Kisha akaniletea filamu yenyewe, haina sanduku, na maandishi yake sijawahi kuyaona.

"Hii ni filme gani?" nikamuuliza.

"Sijue. Ni ya bila rangi, niliipataka ku soko. Weye njo unajuaka madawa."

Akarudi zake Bukavu, kazi ikabaki kwangu pamoja na sahani za kuosha.

Filamu usiyoijua haikuambii ikae kwenye dawa muda gani. Ikikaa kidogo, picha zinatoka hafifu kama moshi. Ikizidi, nyuso zinaungua. Baba alinifundisha kukata kipande cha mwanzo, kile ambacho tayari kimeona mwanga, na kukitumbukiza kwenye dawa huku nikitazama kinavyoiva. Muda hatukuupima kwa saa. Baba aliimba wimbo wa matoleo wa parokia yake, kwa mwendo uleule siku zote, na alijua filamu ipi inataka beti ngapi. Nikakata kipande, nikaimba, nikakiona kinakolea mpaka hakiwezi kuzidi weusi. Nikapiga hesabu yangu ya beti.

Baada ya hapo nikajifungia stoo, blanketi juu ya mlango, nikaizungusha filamu kwenye gurudumu lake kwa kupapasa na kuifunga ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Nikatoka nayo sebuleni, nikamimina dawa, nikaanza kuimba huku nikilipindua kopo. Lakini nilikuwa na hasira. Nilifikiria vile vicheko vya uani. Nilifikiria watu mazishini wakiuliza nani alipiga picha nzuri namna ile, na kuonyeshwa dada. Nikawa naimba kama mtu anayefukuzwa.

"Unakimbia," mama akasema kutoka chumbani. "Papa yenu hakuimbaka vile."

"Maman, lala."

"Nitalala namna gani na ile wimbo unaharibu? Anza beti tena."

Nikarudia ubeti. Akaimba pamoja nami kutoka kitandani, akinishikia mwendo mpaka mwisho. Baada ya dawa ya pili na maji, nikafungua kopo. Filamu ilikuwa imetoka safi kuliko nilivyotaka.

Ilipokauka niliibandika dirishani, nikaipiga kwa simu na kugeuza weusi kuwa weupe. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kidevu juu, mdomo wazi kidogo, mtu anayekaribia kusema jambo la utundu. Mama huyo nilikuwa sijamwona miaka mingi. Wivu ulinishika, maana picha ilikuwa nzuri na nilitamani iwe yangu.

Nikampelekea simu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii njo ya kunitangulia," akasema.

"Zangu zilikuwa na nini, Maman?"

Akanishika mkono.

"Weye unaangaliaka ugonjwa yangu, mwanangu. Mukubwa wako, ye ananiangaliaka mimi."

Hakusema kwa ubaya. Akafumba macho, simu juu ya kifua. Nilitaka kumwambia kwamba bila mimi kuangalia huo ugonjwa, dada asingekuwa na mtu wa kumpiga picha. Badala yake nikaichukua simu taratibu, nikaikuza picha ili niuone vizuri uso ule. Nilijikuta nimeteremka pichani mpaka miguuni, naangalia kama viatu vinambana.