Shokapu za Boneti na Macho ya Baba Mkwe

Fimbo inayoshikilia boneti ya gari letu ilimponyoka baba mkwe wangu Jumapili moja baada ya ibada, na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka pale. Niliiona ikichomoka kwenye tundu lake, nikaiona boneti ikishuka, na sikusema neno. Boneti ikamgonga kisogoni, kofia ikadondokea kwenye betri. Mzee akasimama wima, akaliambia gari, "Sasa wewe, nimekukosea nini?"

Hakuniuliza mimi, na hakuweza kuniuliza. Kwa wazee wa kwetu huku Mbozi, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, wala hawasemezani. Siku hizi wengi wamelegeza. Jirani yetu mmoja huenda mnadani na baba mkwe wake, na wanabishana bei ya mbuzi mbele za watu. Baba mkwe wangu hakulegeza hata uzi mmoja. Nyumba yake iko juu, yetu iko chini, katikati kuna mibuni, na kila anaposhuka hukohoa. Akikohoa mara moja anakuja, mara mbili anapita tu. Nikisikia natoka njiani na kuingia kwenye kahawa, hata kama nina ndoo kichwani.

Akiwa na neno la kunifikia humtuma mama mkwe. Mama mkwe asipokuwepo, huwaambia kuku. "Nyie kuku, mwenye nyumba hii ajue kesho kuna kikao cha ukoo." Miaka kumi na moja tumeishi hivyo, na sikumbuki kuku kunifikishia ujumbe vibaya hata mara moja.

Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yanakwisha. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mzee aliyeendesha malori barabara kuu kwa karibu miaka thelathini alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Asubuhi moja nilimsikia akiligombeza gunia la kahawa kwa sababu amelisalimia na halikuitikia. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo.

Ndipo ikatangazwa kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya Vwawa mwezi wa saba, kwa juma moja tu. Ukikosa, usubiri hadi watakaporudi, na tarehe ya kurudi hakuna aliyeijua. Mume wangu ni dereva kama baba yake, na juma hilo alikuwa amekwama na lori ng'ambo, upande wa Zambia. Bodaboda mzee aliikataa, maana ilishawahi kumwangusha kwenye matope. Gari la kukodi akalikataa pia. Akasema hapandi gari ambalo hajui limelala wapi. Likabaki gari letu, na dereva wa gari letu ni mimi, mwalimu wa shule ya msingi.

Mama mkwe alipanda na kushuka kati ya nyumba mbili kwa siku nane kupatanisha jambo hili. Mzee mwishowe akakubali kwa masharti mawili. La kwanza, itungikwe khanga nyuma ya kiti cha dereva, yeye akae nyuma ya khanga. La pili, akague maji ya rejeta mwenyewe kabla ya safari. "Dereva asiyeangalia maji," alisema, kwa sauti ya kunifikia, "si dereva. Ni abiria aliyekaa mbele."

Jumapili ile alikuwa anafanya majaribio ya ukaguzi wake. Kwa kuwa haoni, aliitafuta fimbo kwa vidole, akaisimika pembeni ya tundu badala ya ndani yake. Yaliyobaki mnayajua. Jioni mama mkwe akashuka na uamuzi: safari haipo. Gari limempiga, na likimpiga tena hospitali mbele ya wauguzi ataweka wapi uso wake? Mzee alikuwa tayari kufa kipofu, tai shingoni.

Nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia mila, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyesimama kimya nikitazama chuma kikimshukia mtu mzima kichwani. Lakini mila sikuweza kuing'oa. Fimbo niliweza. Kesho yake baada ya vipindi viwili vya asubuhi nikaenda Tunduma.

Fundi wetu ni mtu wa Tanga aliyehamia mpakani zamani. Gereji yake iko nyuma ya foleni ya malori, na nusu ya wateja wake ni watu wa ng'ambo, kwa hiyo kila mtu kwake ni mukwai, neno lao la heshima, hata sisi tusiojua Kibemba.

"Nataka boneti ijishikilie yenyewe," nikamwambia. "Bila fimbo."

"Hizo ni shokapu za gesi, mwalimu. Boneti za namna hiyo ni za magari ya wakubwa."

"Nina mkubwa nyumbani."

Akafikiri, kisha akanipeleka kwenye lundo la magari yaliyokufa. Palikuwa na gari moja kubwa la familia lililokatwa nusu, ila mlango wake wa nyuma ulikuwa mzima. Akachomoa shokapu zake mbili, nyembamba kama mchi wa kutwangia vitunguu saumu. Ya kwanza akaisimamisha chini na kuilalia kwa kifua. Ikamrudisha juu. Ya pili ikashuka vizuri, lakini kurudi ikachukua muda, kama mtu aliyeamshwa kwenda shamba.

"Hii imechoka kidogo," akasema. "Lakini mwenzake ataibeba. Ndoa ngapi zinakwenda hivyo?"

Ningemsikiliza vizuri hapo ningejiokoa na mengi. Lakini nilikuwa na haraka, na haraka, kama tunavyowaambia watoto darasani, haina baraka.

Akapima kwa kamba ya kiatu. Akakata vipande vya chuma bapa, akavitoboa, akafunga viwili chini ya boneti na viwili kwenye chuma cha ubavuni mwa injini, kisha akapachika shokapu kwa vichwa vyake vya duara. Boneti ikasimama. Ikasimama kweli kweli, maana ilikataa kufunga. Shokapu zilikuwa za mlango mzito, na boneti yetu ni bati tu. Fundi akaikandamiza kwa mikono, haikushuka. Akaikalia, ikashuka nusu. Akaniangalia. Nikapandisha sketi yangu ya kazini kwa adabu, nikakaa naye.

Tukakaa pale juu ya boneti, mimi na fundi, tukiwa tumeelekea foleni nzima ya malori. Dereva mmoja Mzambia akapita na chupa ya chai, akatusalimu kwa upole, "Mwabombeni mukwai," salamu yao ya watu walio kazini. Chini yangu nilisikia kitu kikipinda.

Ikabidi vipande vifunguliwe na kusogezwa nyuma, upana wa vidole vitatu, na boneti inyooshwe kwa nyundo na ubao. Safari hii ikafunga. Saa nane ya mchana, jua kali, fundi akavuta kile kishikio cha ndani na kuinua kidogo kwa kidole. Boneti ikapanda yenyewe hadi juu, polepole, ikatulia. Hata waliokuwa wakicheza bao jirani waliacha kete zao. Niliomba fimbo yangu ya zamani nirudi nayo, fundi akaitupa kwenye chuma chakavu. Ukibaki na fimbo, akasema, ni kuitukana shokapu.

Nyumbani nilifika jua bado lipo, injini imepata moto vizuri. Nikafungua boneti katikati ya uwanja, nikaingia kwenye mibuni. Mzee akakohoa mara moja, akashuka akiongozwa na mama mkwe. Akapapasa shokapu ya kushoto, akapapasa ya kulia, akaitikisa boneti, haikutikisika.

"Wewe gari," akasema, "fimbo yako iko wapi?" Akangoja, kama vile gari litajieleza. "Haya. Nani alikuwekea hivi?"

"Mke wa mwanao," akasema mama mkwe.

Mzee akaipapasa tena shokapu ya kushoto. "Kazi si mbaya," akaliambia gari. "Ijumaa tutakwenda."

Usiku huo nililala kama mtu aliyemaliza deni.

Ijumaa ikafika. Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu watu wa pwani hawaijui. Mafuta ya kula yalikuwa yameganda kwenye chupa, ukungu umefika usawa wa magoti. Saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa uwanjani, khanga imetungikwa, mama mkwe akakumbuka kwamba kadi ya bima iko kwenye sanduku, akarudi juu. Tukabaki wawili, mzee mbele ya gari na mimi kwenye mibuni, nimempa mgongo nusu kama inavyotakiwa.

Akafungua boneti, ikapanda. Akafungua mfuniko wa rejeta, akainama kabisa, maana kwa macho yale ilibidi atie sikio ili ajue maji yako wapi. Na hapo boneti ikaanza kurudi.

Fundi alinieleza baadaye kwamba gesi husinyaa kwa baridi. Yeye alizipima Tunduma saa nane mchana, mimi nilizipima uwanjani injini ikiwa ya moto, na hakuna kati yetu, sote wakazi wa nyanda za baridi, aliyekumbuka kwamba kuna asubuhi. Ile iliyochoka ilikufa kwanza, na mwenzake hakuibeba. Fimbo ikiponyoka walau hupiga kelele. Shokapu haisemi kitu. Boneti ilishuka kimya, kidogo kidogo, kuelekea kisogo kile kile cha Jumapili, na mzee hakuiona wala kuisikia.

Nikakohoa. Ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo. Nikakohoa mara moja, kwa nguvu.

Mzee, bila kuinua kichwa, akakohoa mara mbili. Alikuwa ananiruhusu kupita.

Nikageukia kuku. Kuku walikuwa bado wamefungiwa bandani. Nikasema hata hivyo, "Nyie kuku, boneti inashuka," na hakuna kuku aliyefikisha.

Nilijua kwamba ikimgonga tena ataingia ndani, atafunga mlango, na macho yale hayataona tena mpaka anaingia kaburini. Nikajiambia bora lawama. Nikatoka kwenye mibuni mbio, umande umenilowesha hadi kiunoni, nikaidaka boneti kwa mikono miwili ikiwa imebakiza kiasi cha shubiri moja.

"Baba, kichwa!"

Akaganda. Akauliza kutoka ndani ya injini, "Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mke wa mwanao."

Nikajiona nikiitwa kikao cha ukoo, wazee wamejipanga, na mimi nikieleza habari za gesi na baridi.

"Imeshuka yenyewe?" akauliza.

"Imeshindwa na baridi, baba."

"Basi shikilia. Sijamaliza na maji."

Nikashikilia. Baada ya kuhangaika kote kule Tunduma, fimbo ya boneti nikawa mimi. Naye hakuwa na haraka. Akamaliza maji akahamia oili, akamaliza oili akapapasa mkanda wa feni. Akaniuliza oili imebadilishwa lini. Nikamjibu. Akauliza kwa nini plagi hii ina kutu. Nikamwambia sijui. Akasema mwalimu hatakiwi kusema sijui. Mikono iliniuma kweli kweli, na sitaficha, nilifurahi. Nilitamani apate na kitu kingine cha kukagua.

Mama mkwe akarudi na kadi, akatukuta tumeinamia injini moja tukizungumza. Akasimama, akafungua mdomo.

"Hatuzungumzi," mzee akawahi kumwambia. "Tunatengeneza gari."

Khanga ilibaki imetungikwa njia nzima, lakini amri zilipita chini yake. Punguza gia. Mbona umeshika breki kwenye mteremko? Tulipofika lami akaniambia nimpishe mwenye haraka, na hapakuwa na gari lolote nyuma yetu. Sikumwambia.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata muuguzi akamfungua bandeji akiwa bado amefumba, akatupa chupa ndogo ya dawa. Tone moja kila baada ya saa nne, kwa majuma manne. Akauliza nani ataweka.

Mama mkwe akaichukua chupa. Tone la kwanza likaingia sikioni, la pili likaanguka kwenye mto. Kila akikaribia jicho la mumewe alifumba la kwake. Muuguzi, ambaye hakujua habari zetu, akamtoa chupa mkononi na kunipa mimi. "Huyu binti yenu ana mikono imara," akasema. "Baba, binti yako atakuwekea, sawa?"

Mama mkwe akatazama dirishani. Mimi nikatazama ile chupa. Kumwekea mtu dawa ya jicho huwezi kupitia kwa kuku, wala huwezi kufanya ukiwa umempa mgongo. Lazima uiname juu ya uso wake, naye afumbue.

"Aweke," mzee akasema.

Nikainama, nikavuta kope ya chini kwa kidole kama nilivyoonyeshwa. "Fumbua, baba. Angalia juu."

Akafumbua. Juu hakuangalia. Aliniangalia mimi, kwa jicho moja jekundu lenye machozi, akanipitia uso wote taratibu, kuanzia kilemba hadi kidevu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani ni mrefu."

"Hapana, baba," nikamwambia. "Niko hivi hivi tu."