Mama Aliposema Hataki Kitenge cha Krismasi

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili mchana, tarehe ishirini Desemba, nilipotuma ujumbe ule kwenye kundi la familia. Saa hiyo naijua kwa sababu bado imo kwenye simu, chini ya maneno yangu, na sijaifuta. Kosa ni langu. Sikuwa nimelewa, sikuwa na hasira, wala hakuna aliyenishawishi. Nilikaa nikafikiri, nikaandika, nikasoma mara tatu, nikatuma.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana sijui namna nyingine ya kueleza.

Mimi ni mtu wa makamo. Kazi yangu ni kuandika nyaraka za mizigo hapa mpakani Tunduma. Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na magazeti ya kufungia vitumbua. Mtaani wananiita Profesa. Wengine wanasema kwa heshima, wengine kwa kejeli, na nilizoea kuitika kwa vyote viwili.

Katika kujisomea huko nilifika mahali nikawa na maoni yangu kuhusu Krismasi, na maoni hayo hayapendwi. Kwanza, hakuna mahali Biblia inapotaja tarehe ishirini na tano Desemba. Pili, nauli inapandishwa makusudi juma lile, kuku anauzwa bei ya mbuzi, na sisi tunalipa huku tunaimba. Tatu, mtu anakopa kumvalisha mtoto nguo mpya, Januari mtoto huyohuyo anarudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari. Na pombe sitaisema, kila mtu ana jirani yake.

Kuhusu hayo hata leo sijabadilika sana. Sikuja hapa kukuambia kwamba Krismasi ni nzuri. Nimekuja kukuambia nilichofanya.

Mama yangu aliishi Ihanda, kwenye shamba la kahawa aliloachiwa na baba. Kutoka Tunduma si mbali, hata saa moja haifiki. Tuko wanne: mimi ndiye wa kwanza, anayenifuata ni dereva wa malori, wa tatu ana duka dogo Isongole, na wa mwisho ni dada yetu Enesi, aliyebaki na mama.

Kila Krismasi tulikusanyika Ihanda, na kila Krismasi mimi nilimpelekea mama kitenge kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Muuzaji alishanizoea. Akiniona tu Desemba anauliza, "Cha bamayo?" yaani cha mama, na mimi naitika.

Sasa sikiliza, maana kila kitu kimesimama hapa. Mama hakuwa anavaa kitenge nilichompelekea mwaka huohuo. Alikikunja na kukiweka sandukuni, kikalala mwaka mzima, akakivaa kwa mara ya kwanza Krismasi iliyofuata kwenda kanisani. Cha mwaka huu kilikuwa cha mwaka ujao. Ndivyo alivyofanya tangu nilipoanza kazi. Akinipokea alikuwa akisema, "Haya, sasa nina sababu ya kufika mwakani," na sisi tunacheka.

Mimi utaratibu ule niliuona ni upotevu. Niliwahi kumwambia, "Mama, hii ni pesa imelala sandukuni." Akanijibu, "Iache ilale, baba. Na yenyewe imechoka." Enesi alicheka mpaka akamwaga chai.

Desemba iliyopita, siku mbili kabla ya ujumbe wangu, mama alinipigia simu mwenyewe. Hakuwa mtu wa kupiga. Alisema, "Baba, mwaka huu usininunulie kitenge."

"Kwa nini, mama?"

"Nilicho nacho kinatosha. Ninyi njooni tu. Mje wote, nina neno."

"Neno gani?"

"La kukaa chini. Si la simu."

Nilidhani ni ule mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani, ambao nimeusikia tangu sijaoa. Neno lile nikaliacha. Nikashika lile la kitenge. Nilifurahi, ndugu yangu. Nilijiambia, hata mama sasa ameanza kuelewa.

Ndipo nikaandika. Ulikuwa ujumbe mrefu, una hoja tano zenye namba. Nilisema kwamba mwaka huu mimi na nyumba yangu hatutakwenda Ihanda Krismasi. Nilisema upendo hauna tarehe, na kwamba mtu anayeishi mwendo wa chini ya saa moja anaweza kumwona mzazi wake Jumapili yoyote, kwa nauli ya kawaida, bila kubanana. Nilipendekeza Jumapili ya kwanza ya Februari, mabasi yakiwa matupu. Na hoja ya nne, nainukuu kama ilivyo: "Hata mama mwenyewe amesema mwaka huu hataki kitenge. Kwa hiyo hatumkosei, tunamtii."

Mdogo wangu dereva alijibu kwa sauti, injini ikinguruma nyuma yake. "Profesa kashatoa hukumu! Mimi niko na mzigo huku, nilikuwa natafuta pa kugeuzia. Basi sigeuzi." Yule wa Isongole aliandika, "Kaka mkubwa akisema sisi ni amina. Februari sawa."

Ningekuwa nimebaki peke yangu, kosa langu lingekuwa dogo. Wao wangekwenda, mama angesema neno lake, nami ningeambiwa. Lakini kwetu mtoto wa kwanza akitoa kauli wadogo hawapimi tena, na mimi nililijua hilo wakati naandika. Nililitegemea.

Enesi hakuandika chochote kwenye kundi. Alinipigia tarehe ishirini na tatu, asubuhi, nikiwa ofisini.

"Kaka, njoo tu."

"Umesoma hoja zangu?"

"Nimezisoma. Njoo tu."

"Nipe sababu, Enesi. Ukinipa sababu moja yenye uzito, nitakuja."

"Sababu siwezi kuisema mimi."

"Basi hakuna sababu," nikamwambia.

"Kaka, wewe umesoma mpaka umepita mlango wa kwenu bila kuuona," akasema, akakata simu.

Jirani wa ofisi yetu ni muuza spea za malori, Mwislamu, Mrangi wa Kondoa. Ukuta kati yetu ni bati, anasikia yote. Alichungulia akaniambia, "Profesa, mimi Idi nikikosa nyumbani, mama yangu ananinunia mpaka Idi nyingine. Na Kondoa ni siku nzima ya barabara. Wewe Ihanda hapo ungekwenda hata na baiskeli."

Nikamwambia kwamba mila si dini. Akasema, "Sawa, sheikh wangu. Lakini usinipe kazi ya kumfundisha Mkristo Krismasi." Akarudi kwenye spea zake.

Unaona nilivyozungukwa na watu wa kunizuia.

Siku yenyewe nyumbani kwangu tulikula ugali na maharage. Nilitaka iwe siku kama siku nyingine, na ikawa. Watoto walikula kimya huku wakisikia muziki wa majirani. Mke wangu aliweka sahani mezani akasema, "Baba Neema, umeshinda. Sijui umemshinda nani, lakini umeshinda."

Saa nne asubuhi nilikuwa nimempigia mama. Aliuliza, "Mmeshaondoka?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi niliandika kwenye kundi, naye hakujua kusoma. Enesi alishindwa kumwambia. Kwa hiyo niliyemwambia ni mimi, kwa simu, siku ya Krismasi yenyewe, kwamba tutakuja Februari.

Alisema, "Hata wale wawili?"

"Hata wale, mama. Tutakuja wote pamoja."

"Haya, baba. Februari si mbali," akasema. "Watoto wale vizuri."

Mazungumzo yale yalichukua dakika mbili na sekunde nane. Nayo yamo kwenye simu.

Wiki ya tatu ya Januari Enesi alipiga, safari hii bila kusema njoo. Alisema tu jina la hospitali. Nilipofika mama alikuwa hazungumzi tena. Macho yalikuwa wazi, na nikimshika mkono aliubana kidogo, lakini maneno yalikuwa yameisha. Tumbo lilikuwa limejaa chini ya shuka. Nilikaa naye siku mbili. Nilimuuliza, "Mama, ulikuwa na neno. Neno gani?" Nilimuuliza mara nyingi. Siku ya tatu, asubuhi, alifariki.

Baada ya maziko, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba, Enesi alitueleza sisi watatu. Novemba daktari alimwambia mama kwamba ana uvimbe na umeshaenea. Mama alimwapisha Enesi asimwambie mtu. Alisema, "Jambo kama hili halisemwi kwenye simu. Nitawaambia mwenyewe Krismasi, wakiwa wameshiba, wamekaa wote mbele yangu."

Mdogo wangu dereva aliinamisha kichwa. "Lakini neno lenyewe ndilo hilo la ugonjwa?" akauliza.

Enesi akasema, "Hilo lilikuwa la kwanza. Alisema yako mawili. La pili ni lenu wana wa kiume, mimi hakuniambia."

Hatukulijua. Hatutalijua. Nimeshakaa nikilitafuta kwa njia zote ninazozijua. Nimepitia makaratasi ya shamba, nimewauliza wazee wa kanisa, nimemuuliza hata yule jirani wa mgogoro wa mpaka. Hakuna kitu. Wadogo zangu nao kila mmoja ana dhana yake, na dhana hizo zimeanza kututenga. Wa Isongole anaamini mama alitaka kumpa Enesi shamba. Dereva anaamini lilihusu deni la marehemu baba. Hawanilaumu kwa mdomo. Lakini sasa nikiandika kitu kwenye kundi hakuna anayejibu amina.

Kisha Enesi akaingia ndani, akatoka na kitenge. Kile cha mwaka juzi, cha kijani chenye ndege. Krismasi asubuhi mama alikivaa mapema, kabla hata hakujapambazuka vizuri, akatoa viti vyote nje na kuvipanga. Akakaa kwenye kimoja akitazama njia. Nilipompigia saa nne alikuwa amekaa hapo. Baada ya simu yangu aliingia ndani, akakivua, akakikunja kwa mikunjo yake ileile ya dukani, akamwambia Enesi, "Nitakivaa watakapokuja."

Kanisani hakwenda.

"Tumemzika na nguo nyingine," Enesi akasema, "kwa sababu alisema atakivaa mkija. Mlipokuja hakuweza kuvaa. Sikujua nifanyeje, kaka. Wewe uliyesoma, ungefanyaje?"

Kitenge kile kiko kwangu sasa.

Ndugu yangu, katika kazi yangu kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho tunachosema kimo ndani ya lori. Lakini hata sisi, karatasi ikisema maharage na lori likiwa limelemea upande mmoja, tunafungua turubai. Mama alinipigia simu yeye ambaye hapigi. Alikataa kitenge yeye ambaye kila kitenge kilikuwa mwaka wake unaofuata. Mwanamke ambaye hakuwahi kuomba akasema mje wote. Lori zima lilikuwa limelala ubavu, na mimi nikagonga muhuri likapita.

Ile hoja yangu ya Jumapili yoyote nimeirudia pia, kwa haki. Mimi huandika shajara. Nilifungua ya mwaka ule nikahesabu Jumapili nilizokwenda Ihanda. Zilikuwa mbili, na zote mbili kulikuwa na msiba. Siku yoyote ilikuwa na maana ya hakuna siku. Sasa nadhani wazee waliweka siku moja yenye jina, hata kama tarehe yake si sahihi, kwa ajili ya watu kama mimi wenye hoja nyingi za kutokwenda.

Majuzi nilivuka kwenda Nakonde kikazi. Yule muuzaji aliniona kwa mbali. "Mukwai," akasema kwa heshima ya kwao, "Desemba hukuja. Bamayo hajambo?" Nilimwambia hajambo. Nimeongeza na uongo huo.

Wewe unayesoma, shikilia maoni yako kuhusu Krismasi. Usinunue mti wa plastiki, usikope, usinywe. Lakini usiwabebe wadogo zako kwenye hoja zako. Na mzazi wako akikwambia mwaka huu usimletee kitu, usifurahi. Simama, uvae viatu, uende ukamuulize kwa nini, ukiwa umekaa mbele yake.

Tarehe ishirini na sita Desemba nilijumlisha kwenye shajara nauli ya watu watano kwenda na kurudi, mchele, nyama, sukari na kitenge ambacho sikununua, nikapiga mstari chini na kuandika "Akiba." Ukurasa huo bado upo. Shilingi laki moja, elfu arobaini na mbili na mia tano.