Siku Nilipotafsiri Kiitalia

Tangu Jumapili, sokoni wananiita Mufasiri, na ninastahili. Fundi Muitalia wa Kabimba alileta katika sale, ukumbi wa parokia, filamu ya upelelezi, ambayo kwao huonyeshwa kwenye televisheni, kitu tunachokijua kwa jina tu. Ilikuwa Kiitalia kitupu. Mimi, karani wa reli niliyeonja Kilatini seminarini, nikasimama kutafsiri.

Nilimpenda mara moja bwana mrefu mwenye koti safi. "Huyu njo polisi," nikatangaza. "Ule mufupi mwenye kukula kila saa njo mwizi."

Lakini mwizi yule alijua kazi. Alitafuna polepole, macho yake hayakuacha mikono ya watu. Nilimsifu hata nikasahau kumchukia.

Mwishoni, mfupi akamfunga mrefu pingu. Sale yote ikanigeukia.

"Mwizi amefunga polisi," nikasema. "Hata kwao mambo imeharibika."

Kwa tuliyoyaona tangu uhuru, watu waliamini, wakatikisa vichwa kwa huruma.

Fundi akazima mashine yake ya filamu, akawasha taa. Akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Papa, ule mufupi njo polisi. Lakini endelea tu. Hadisi yako iko muzuri kupita yetu."