Sauti Nilizozifuta

Walisema sitaweza kuunda lugha. Mwenye duka la vitenge pale Kasulu alicheka mpaka akashika kaunta. "Bwana Diploma, lugha nayo unaiunganisha kama baiskeli?" Ada ya chuo nilijilipia kwa kukata mkonge, nikarudi Kibondo na cheti ambacho wengi hawakuwahi kukiona.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilitaka lugha mpya ambayo Waha, wakimbizi wa Burundi na watu wa pwani wangeizungumza bila yeyote kumcheka mwenzake. Nilianza na sauti. Niliomba watu sita wanikopeshe siku moja moja wanitamkie maneno, tena msimu wa kupanda. Kwetu siku ya mtu hulipwa kwa siku: nawe unamlimia. Niliwaahidi pia kwamba kila mmoja angeikuta sauti yake humo.

Shangazi yangu alinipa sauti ya *pf*. "Tazama midomo. Bana kwanza, halafu achia. Usiniteme mate, msomi!" Niliiandika mbele yake.

Nilipoandika nakala safi, niliifuta sauti yake. Nikafuta na irabu ndefu za jirani yangu mkimbizi. Nilibakiza *dh*, *gh* na *th* za Kiswahili cha chuoni, ambazo hakuna hata mmoja wa wale sita aliyezitamka bila kuhangaika. Nilijiambia ni utaalamu. Ukweli ni kwamba chuoni nilichekwa kwa matamshi ya nyumbani, nikajifunza mbele ya kioo mpaka yakanitoka.

Siku ya kuisoma nakala ile hadharani nilivaa tai. Nilipomaliza, shangazi aliuliza, "Yangu iko wapi?"

"Ipo, shangazi."

"Itamke basi."

Nilipekua daftari mbele ya watu wote, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Umesimama sana."

Nilikuwa nimepanga kutuma vibarua wakanilipie siku nilizokopeshwa, maana niliona jembe si kazi ya mwenye stashahada. Nililishika mwenyewe. Katika kila shamba nilisema nilichofuta. Jirani yangu aliniambia hakutegemea lolote tangu mwanzo, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Jioni ile, viganja vimechubuka, nilikuwa nimewalipa wote sita. Nikamwambia niliionea aibu sauti yake.

Hakuinua kichwa. "Ulidhani sijui? Tuta lile umelipinda. Rudia."

Nikarudia.